Mpiga Picha na Haki ya Mnyama



Kwa muda wa miaka kumi na mmoja ilitundikwa katika sebule ya nyumba yangu picha moja ya duma. Mnyama yule ameketi wima katika majani mafupi, jua la asubuhi limempiga ubavuni, na macho yake ya rangi ya asali yamekazwa moja kwa moja kwa anayemtazama. Ile mistari miwili myeusi ambayo duma wote wanayo, inayoshuka kutoka machoni hadi pembeni mwa mdomo, inaonekana wazi kama iliyochorwa kwa wino. Hapana mgeni aliyeingia nyumbani mwangu asiisifu. Mmoja aliniambia kwamba kila aitazamapo hupata nguvu ya kuyastahimili mambo yake. Mwingine, aliyekuwa amefiwa, alikaa mbele yake kimya kwa muda mrefu, kisha akanishukuru kana kwamba nimempa maneno ya faraja. Nami nakiri kwamba nilizipokea sifa hizo kwa furaha.

Leo picha ile haiko ukutani. Kwa nini niliiondoa nitaeleza mahali pake. Kwanza nataka tulitazame pamoja swali lililonifanya niiondoe, nalo ni hili: Je, mtu anapokwenda porini na kamera yake, akarudi na kitu kilichomtuliza moyo na kumwinua nafsi, amekipata kitu hicho kwa haki? Au yawezekana kwamba faraja ile imelipiwa na mwingine, ambaye hana ulimi wa kudai?

Huenda msomaji akasema kwamba swali hili ni la watu wenye nafasi. Atasema, wako watoto wasio na madawati, wako wagonjwa wasio na dawa, na wewe unatuulizia haki ya duma! Sikatai hata kidogo kwamba madawati na dawa vinatangulia. Lakini sijapata kuona mtu aliyepungukiwa na huruma kwa mgonjwa kwa sababu aliitumia yote kwa wanyama. Aghalabu asiyemjali mmoja hamjali na wa pili. Tena jambo hili si la wachache kama lilivyokuwa. Zamani kamera ilikuwa mali ya tajiri au ya mtu wa gazeti. Siku hizi kila mwenye simu mfukoni ni mpiga picha, na akienda mbugani pamoja na shule yake au jamaa zake hutaka kurudi na simba wake.

Wala asidhani mtu kwamba nataka kuibeza faida yenyewe. Faida ipo, nami nimeionja. Hebu tuiangalie ni ya namna gani.

Mpiga picha wa harusi huweza kumwambia bwana arusi asogee, ainue kidevu, atabasamu. Mpiga picha wa majengo huweza kurudi kesho. Lakini nani atamwambia tembo asogee? Anayetaka picha ya mnyama wa porini hulazimika kuondoka kitandani kabla ya alfajiri, kwa sababu mwanga mzuri hauzidi saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Yambidi ajue upepo unatoka wapi ili harufu yake isimtangulie. Yambidi ajifunze kwamba swala wote wakielekeza masikio upande mmoja, upande ule kuna jambo. Na kwamba ndege wadogo wakipiga kelele juu ya kichaka, chini ya kichaka kile huenda kuna nyoka au chui. Polepole anatambua kwamba porini hakuna anayemhitaji. Mjini tumezoea kuitwa mwalimu, bwana mkubwa, mheshimiwa. Nyati hajui cheo cha mtu.

Nilipata kukaa siku nne kando ya kijito, nikimngoja mdiria mweusi na mweupe, yule ndege anayesimama hewani juu ya maji huku akipigapiga mabawa, kisha hujitupa chini kama jiwe. Wakati ule tulitumia mikanda ya filamu, na mkanda mmoja ulikuwa na picha 36 tu. Mtu hakufyatua ovyo, maana kila picha ilikuwa fedha. Nilimaliza mikanda miwili. Iliposafishwa nikakuta picha 72 za maji yaliyoruka na kivuli cha kitu kilichokwisha kuondoka. Hata hivyo siku zile nne sizihesabu kuwa hasara. Nilimwona ndege yule akimpigapiga samaki juu ya tawi hadi afe, kisha akimgeuza ili ammeze kwa kuanzia kichwani, mapezi na magamba yasimkwaruze koo. Nilimwona akikosa mara nyingi kuliko alivyopata, na kila alipokosa akarudi tawini, akakung'uta maji, akatazama tena. Wakati ule nilikuwa na shida moja kubwa ya kazini ambayo sitaieleza hapa. Nilikwenda kijitoni nikiwa nimeibeba, na siku ya nne niligundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimeikumbuka.

Basi hiyo ndiyo faida ninayoisema. Mtu anaitoa nafsi yake mbele ya macho yake kwa saa kadhaa, na kwa sababu hiyo anaona. Mdiria yule hakupoteza kitu kwa kuwapo kwangu. Alivua samaki wake kama ambavyo angewavua nisipokuwapo. Lau mambo yote ya kamera yangekuwa hivi, ningeandika makala haya kwa kuisifu tu na kuwahimiza vijana waichukue.

Lakini sivyo yalivyoanza. Mmoja wa watu wa kwanza waliopiga picha za wanyama wa nchi hizi wakiwa huru porini alikuwa Mjerumani aitwaye Carl Georg Schillings. Alisafiri upande wa Kilimanjaro na katika nyika za Wamasai, na picha zake mashuhuri za usiku alizipata katika safari yake ya mwaka 1903 na 1904. Wapagazi walimbebea kamera nzito na sahani za vioo, maana ndizo zilizotumika badala ya mikanda, na pia unga wa magnesi ambao ukiwashwa hutoa mwanga mkali kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na watu wa Ulaya walistaajabu: kwa mara ya kwanza walimwona simba katika giza lake mwenyewe, badala ya simba wa kuchorwa au aliyejazwa majani katika makumbusho.

Je, simba yule alipatikanaje mbele ya kamera? Schillings hakuficha. Alifunga kwa kamba punda au ng'ombe aliye hai, akatega kamera na mwanga wake, simba akaja. Ziko picha zake ambamo punda anaonekana, na simba anamwendea. Wasomaji wa Ulaya walimtazama simba. Sijui, ndugu msomaji, kama wewe ungeweza kuitazama picha hiyo bila macho yako kumrudia punda.

Tusimhukumu mtu huyu kwa haraka. Alikuwa mwindaji wa zama zake, aliua wanyama wengi kwa bunduki, na baadaye alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti huko kwao kutaka wanyama wa Afrika walindwe wasimalizwe. Pengine kule kutazama kwingi ndiko kulikomgeuza. Mimi naamini hivyo. Lakini punda hakusaidiwa na mageuzi hayo, na kama tunakubali kwamba mambo mema yaliyofuata yalimhalalisha punda, basi hatuna budi kuuliza tena kila siku punda wa leo ni nani.

Mfano wa pili ni mpole zaidi, na kwa hiyo una mafunzo zaidi. Mwezi Julai mwaka 1960 Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika Gombe kando ya Ziwa Tanganyika ili kuwachunguza sokwe. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia. Mpiga picha Hugo van Lawick alipofika mwaka 1962, kazi yake ilikuwa ngumu sana: mnyama mweusi katika kivuli cha msitu, mbali, tena anayekimbia. Ikatokea kwamba sokwe dume mmoja mwenye ndevu nyeupe akaingia kambini na kuchukua ndizi. Ndizi zikawekwa nyingine, na sokwe wengine wakaja. Picha na filamu zilizopatikana hapo zilienea dunia nzima, na kwa kweli zilibadilisha mawazo ya wanadamu juu ya jamaa hawa wa msituni: watu walimwona mama akimkumbatia mtoto, walimwona sokwe akitengeneza kijiti na kuvulia mchwa.

Nani angeweza kuona ubaya katika ndizi? Punda alikufa, ndizi ni karama. Lakini baada ya muda ikaonekana kwamba sokwe wengi walikusanyika pale kambini kuliko ilivyo desturi yao msituni, wakagombana wao kwa wao, na nyani nao wakaja kuzigombea. Ugomvi ukazidi. Watafiti wakalazimika kupunguza ndizi, na Goodall mwenyewe baadaye alikiri kwamba kulisha kule kulibadilisha mwenendo wa wale aliokwenda kuwatazama jinsi walivyo. Naliona jambo hili kuwa zito. Mtu mwenye upendo wa kweli, asiye na nia yoyote ya kudhuru, alitaka kusogea karibu kidogo tu. Na kule kusogea kukawageuza wale aliowapenda.

Huyo huyo van Lawick alikaa miaka mingi katika mahema huko Ndutu, kusini mwa Serengeti, akipiga filamu. Miongoni mwa habari alizozifuata ni ya mbwa mwitu mchanga aliyepewa jina la Solo, ambaye ndugu zake wote walikufa na kundi lake halikumtunza ipasavyo. Mpiga picha akaona kitoto kinachoachwa nyuma, kinadhoofika, na kamera iko mkononi. Afanye nini? Wako wanaosema kwamba mtazamaji hana ruhusa ya kuingia. Porini kifo cha mmoja ni chakula cha mwingine. Mwisho van Lawick na wenzake walimchukua Solo, na baadaye wakamwingiza katika kundi jingine. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi na sioni kwamba walikosea. Mtu aliyefuatana na kiumbe kwa majuma mengi, akajipatia kutoka kwake filamu na kitabu, hawezi kusema wakati wa shida kwamba yeye ni mpita njia.

Sasa msomaji mwenye fikra atanijibu kwa hoja yenye nguvu. Atasema: Bila picha hizo, wanyama hawa wangalikuwapo hadi leo? Hoja hii ni ya kweli na yapasa ipewe haki yake. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael, walikuja Tanganyika kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakawahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani mwaka 1958, wakapiga filamu. Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Ndege ikagongana na tumbusi, ikaanguka, akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na babaye alipofariki mwaka 1987 alizikwa hapo hapo. Filamu yao, iliyowaonya watu kwamba Serengeti isife, ilitoka mwaka ule ule wa 1959 na mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani. Hapana shaka kwamba iliwafanya mamilioni ya watu ambao hawatafika Afrika kamwe waone kuwa nyanda hizi zinawahusu, na fedha nyingi za hifadhi zilitoka katika mifuko ya watu waliokaa gizani wakiitazama.

Hata hivyo kamera haioneshi tu. Kamera pia huacha nje. Wajerumani wale waliamini kwamba hifadhi ya kweli haina wakazi, hata wenyeji. Mwaka huo huo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga Serengeti walihamishwa, na eneo la Ngorongoro likatengwa mbali na hifadhi. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyowahamisha. Hayo yalikuwa maamuzi ya serikali ya kikoloni, na mazungumzo yake yalianza kabla. Ninachosema ni kwamba tangu hapo macho ya dunia yamezoezwa kuona nyika tupu yenye nyumbu na machweo ya jua, na mtu akitokea katika picha na ng'ombe wake huonekana kama doa. Mpiga picha husubiri mchungaji apite ndipo afyatue. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, tena zaidi ya mara moja, na wala sikujiuliza kwa nini mtu aliyezaliwa pale aliniharibia picha, ilhali mimi niliyekuja kwa gari sikuiharibu.

Katika zama zetu tamaa hii imepata vitanzi vipya. Katika Marekani yako mashamba ambamo mbwa mwitu wa nchi zile na chui wa milimani hufugwa ili wapiga picha walipe na kuwapiga picha kana kwamba wako huru. Wengine huwarushia bundi panya walio hai juu ya theluji ili waruke kuelekea kwenye lenzi. Mwaka 2009 shindano kubwa la picha za wanyama linaloongozwa na makumbusho ya viumbe ya London lilimpa ushindi mtu mmoja kwa picha ya ajabu ya mbwa mwitu akiruka lango usiku. Januari 2010 waamuzi wakamvua tuzo, baada ya kuridhika kwamba huenda mnyama yule alikuwa wa kufugwa, aliyefundishwa. Mpiga picha alikana. Mimi simo katika kesi yao. Ninachojiuliza ni wale walioipenda picha ile na kupata nguvu kutoka kwake: je, nguvu ile ilikuwa ya uongo? Mtu aliyefarijika kwa habari isiyo ya kweli, faraja yake huwa nini siku anapoujua ukweli?

Narudi sasa kwa duma, maana yeye ndiye aliyenitia katika mashaka haya.

Duma ana mambo yake yanayomfanya awe rafiki wa wapiga picha kwa bahati mbaya yake. Simba na fisi ni wenye nguvu kuliko yeye na humnyang'anya nyama, basi yeye huwinda zaidi mchana, kwa kutumia macho, wakati wao wanapolala. Na mchana ndio wakati wetu wa magari na kamera. Hukimbia kwa kasi kuliko mnyama yeyote wa nchi kavu, lakini kwa muda mfupi tu; akishaangusha swala huhema sana, na hulazimika kupumzika kabla ya kula. Jike hulea watoto peke yake. Huwaficha majanini anapokwenda kuwinda, na wengi wao hufa wakiwa wadogo. Mnyama wa namna hii hana akiba. Nafasi moja ikiharibika, hajui ya pili itakuja lini.

Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Maasai Mara, nchini Kenya, juu ya duma majike na watoto wao. Pale penye watalii wachache, jike mmoja alifanikiwa kukuza kwa wastani watoto 2.32 hadi kujitegemea katika uzazi mmoja. Pale penye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.21. Soma tena tarakimu hizo, ndugu yangu. Na mtafiti hakumkuta mtalii yeyote aliyeua mtoto wa duma. Hakuna aliyerusha jiwe. Kila aliyekuwa ndani ya magari yale alikuja kwa sababu anawapenda, na naamini wengi wao walirudi makwao na picha zinazowatia moyo hadi leo.

Niliposoma habari hizo, picha yangu ilikuwa ukutani mbele yangu.

Niliipiga Februari mwaka 1996, katika nyanda za kusini, nyumbu walipokuwa wakizaa. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, na dereva, mtu mzima aliyeijua nchi ile tangu ujana wake. Tulimwona duma jike mapema asubuhi. Nyuma yake, katika majani marefu kidogo kando ya mfereji, dereva alituonesha kitu ambacho mimi nilidhani ni mafundo ya majani makavu: watoto watatu, wangali na manyoya ya kijivu mgongoni. Mama alikuwa akiwanyatia swala tomi. Alikwenda hatua tano, akasimama, akashusha kichwa, akaenda tena. Kwangu jua lilikuwa upande usiofaa. Nilimwona kama kivuli tu.

Nikamwambia dereva azunguke mbele, jua liwe nyuma yetu.

Akasema, "Mwalimu, huyu mama anawinda. Tumwache kwanza amalize."

Nikamwambia kwamba hatutamsumbua, tutapita mbali. Akanyamaza. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka masikio yangu huwaka moto: "Mzee wangu, nitakuongezea kitu kidogo."

Akawasha gari. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa; alikuwa na watoto wa kusomesha na mwajiri anayetaka wageni waridhike. Aliyemnunua ni mimi. Tukazunguka, kama mita mia hivi, na mngurumo wa injini ukawafikia swala. Wakainua vichwa vyote kwa pamoja, wakaruka, wakatimka. Duma akainuka kutoka katika majani. Hakukimbia. Aliketi, akageuza kichwa, akatutazama. Nami nikafyatua.

Macho yale yaliyomfariji mgeni wangu aliyefiwa, na kumpa yule mwingine nguvu ya kustahimili, ni macho ya mama aliyekosa chakula cha watoto wake kwa sababu yangu. Watu walisema anatazama kwa utulivu wa kifalme. Mimi niliyekuwapo nilijua alichokuwa akikitazama.

Baada ya hapo aliinuka akawarudia watoto, akiwaita kwa sauti nyembamba inayofanana na mlio wa ndege, wakatoka majanini wakamfuata. Sikupiga picha zile. Binamu yangu aliniuliza mbona siendelei, nikasema mwanga umeharibika. Mwanga haukuwa umeharibika. Kama alipata swala mwingine siku ile au hakupata, sikukaa kuona. Tulikuwa na safari ya kreta na muda ulikuwa umetubana. Dereva alipokea fedha yake jioni, akashukuru kwa adabu, na njia nzima ya kurudi hakutuonesha mnyama mwingine isipokuwa tulipouliza.

Huenda utasema najitesa kwa jambo dogo, swala mmoja kati ya maelfu. Rafiki yangu mmoja aliniambia hivyo, na akaongeza kwamba picha ile imewafaa watu wengi, basi iache iendelee kufaa. Nimelipima neno lake kwa uaminifu. Ni kweli kwamba mgeni wangu alifarijika, na sioni kwamba faraja yake ilikuwa haramu kwake, yeye hakujua. Lakini mimi najua. Nikiendelea kuwaacha watu waichote faraja hiyo kwangu huku nimeficha ilikotoka, nitakuwa sina tofauti na yule anayempiga picha mnyama wa kufugwa na kumwita wa porini. Na nikiwaeleza kila mara, mgeni amekuja kunywa chai, nitakuwa nimegeuza aibu yangu kuwa mazungumzo ya sebuleni. Kwa hiyo niliiondoa.

Kamera sikuiacha. Wako walionishauri hivyo, nami niliona kwamba kuiacha kungekuwa rahisi mno, tena kungeninyima shule yangu ya kijitoni. Ninayo desturi moja tu sasa, na haitokani na kitabu chochote: ninapofika alipo mnyama, huiacha kamera mapajani kwanza, nikatazama anafanya nini. Kama alichokuwa akikifanya kabla sijafika bado anaendelea nacho baada ya robo saa, naiinua. Kama amekiacha, narudi nyuma. Nimekosa picha nyingi kwa desturi hii. Mwaka jana nilikaa hivyo karibu na pundamilia jike aliyekuwa amesimama pembeni peke yake, ameshusha kichwa, nikadhani ni mgonjwa. Kumbe alikuwa anazaa. Alipoanza kunitazama nikamwambia dereva arudishe gari nyuma, na tukaenda zetu. Sina picha hata moja ya tukio lile.

Ya duma ipo kabatini, imefungwa katika karatasi ya kaki. Mjukuu wangu huiomba mara kwa mara, maana amesikia kwamba ilisifiwa kabla hajazaliwa. Nikimpa huiweka sakafuni, akalala kifudifudi mbele yake, akaniambia nimhadithie. Namwanzia kwa wale swala tomi, ambao hawamo katika picha, walikuwa wangapi, na walikuwa wakila majani upande gani.